Jumla Inapodanganya: Protini za Damu katika Mbwa Mwenye Ugonjwa wa Kupe

Mrija mwembamba wa kioo uliojazwa damu ya mbwa na kuzungushwa kwa kasi katika sentrifuji kwa dakika tano hutoka ukiwa na tabaka tatu: chini kuna chembe nyekundu zilizoshindiliwa, katikati kuna utando mwembamba mweupe, na juu kuna utegili, yaani ule umajimaji wa damu ambao maabara nyingi huuita plazma. Mbwa akiwa mzima, plazma yake ni angavu, haina rangi au ina umanjano hafifu sana. Mbwa akiwa na babesia kali, mojawapo ya magonjwa yanayoenezwa na kupe, plazma hiyohiyo huweza kutoka ikiwa na rangi ya chungwa, au nyekundu kama juisi ya rozela, kwa sababu chembe nyekundu zimepasuka ndani ya mishipa na kumwaga himoglobini iliyokuwamo. Mtaalamu wa maabara huvunja mrija ule juu kidogo ya utando mweupe, hudondosha tone la plazma kwenye kioo cha refraktometa, huelekeza jicho kwenye mwanga, kisha huandika namba moja kwenye fomu: jumla ya protini. Ni namba rahisi kuipata na ya bei nafuu, na katika magonjwa yanayoenezwa na kupe ni mojawapo ya namba zinazopotosha zaidi kwenye fomu nzima.

Upotoshaji huo hautokani na kifaa peke yake, ingawa kifaa nacho kina lake, kama tutakavyoona. Unatokana na ukweli kwamba jumla ya protini hukusanya pamoja vitu vinavyokwenda pande mbili tofauti. Kupe anapoingiza ugonjwa katika mwili wa mbwa, kundi moja la protini hushuka na kundi jingine hupanda, na mara nyingi kushuka na kupanda huko hufidiana hata jumla ikabaki palepale ilipokuwa. Anayeitazama jumla tu ataona utulivu mahali palipo na vurugu.

Tuwatambue kwanza wahusika. Babesia ni kimelea cha seli moja kinachoishi na kugawanyika ndani ya chembe nyekundu za damu. Wafugaji wa ng'ombe wanaijua jamaa yake kwa ile dalili ya kukojoa damu, nayo hutajwa pamoja na ndigana kali na ndigana baridi kila linapozungumzwa suala la kuogesha mifugo. Kwa mbwa wa Afrika kusini mwa Sahara, aina iliyo hatari zaidi ni Babesia rossi, ambayo George Nuttall aliipa jina mwaka 1910 kutokana na mbweha wa Afrika Mashariki ya Waingereza, eneo ambalo leo ni Kenya. Mbweha huibeba bila kusumbuka sana; mbwa wa kufugwa huweza kufa kwa siku chache. Aina nyepesi zaidi, Babesia vogeli, huenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, yule anayeonekana akipanda ukuta wa banda na kujificha katika nyufa za saruji. Kupe huyohuyo hubeba pia kimelea kingine, Hepatozoon canis, ambayo kwa namna yake ya ajabu haimwingii mbwa kwa kung'atwa bali kwa kummeza kupe anapojitafuna manyoya, na hubeba Ehrlichia canis, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935 na Donatien na Lestoquard.

Kwa haki, Ehrlichia ni bakteria, na msomaji makini atauliza inafanya nini katika mazungumzo ya vimelea. Jibu ni kwamba huishi ndani ya seli za mwenyeji kama wanavyoishi vimelea wenzake, huja kwa kupe yuleyule, mara nyingi humkuta mbwa mmoja pamoja na babesia, na, lililo muhimu zaidi hapa, mabadiliko ya protini inayoyaleta ni makubwa kuliko ya wengine wote. Kuiacha nje kungekuwa kuufuata ukali wa istilahi na kuupoteza ugonjwa.

Plazma ya mbwa mzima ina takriban gramu 55 hadi 75 za protini katika kila lita, na mipaka kamili hutofautiana kati ya maabara moja na nyingine. Karibu nusu ya protini hizo ni albumini, ambayo hutengenezwa na ini peke yake. Albumini ndiyo inayobeba sehemu kubwa, kama robo tatu, ya nguvu ya kuyazuia maji yasitoroke kutoka katika mishipa ya damu. Ndiyo pia inayosafirisha bilirubini, sehemu ya kalisi, na dawa nyingi. Zinazobaki huitwa globulini, neno ambalo kwa kweli ni gunia la vitu visivyofanana: ndani yake mna protini zinazotengenezwa na ini kwa kazi za kusafirisha na kujihami, na mna kingamwili zinazotengenezwa na seli za plazma (aina ya seli za kinga, si plazma ya damu yenyewe) katika wengu, tezi za limfu na uboho. Kwenye plazma, tofauti na seramu, yaani umajimaji unaobaki damu ikishaganda, mna pia fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ambayo itatuletea usumbufu wake baadaye.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mbwa wa ulinzi ambaye, akiwa mzima, ana albumini gramu 33 na globulini gramu 30 kwa lita, jumla 63. Miezi minne baadaye amekonda, anatokwa na damu puani mara mojamoja, na vipimo vinaonyesha albumini 20 na globulini 44. Jumla ni 64. Imeongezeka kwa gramu moja tu, tofauti ambayo hata refraktometa nzuri haiwezi kuiapia, ilhali albumini imepoteza zaidi ya theluthi na globulini zimeongezeka karibu nusu. Uwiano wa albumini kwa globulini umeshuka kutoka 1.1 hadi chini ya 0.5. Kama ningelazimishwa kuchagua namba moja tu ya protini kwa mbwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kupe, ningechagua uwiano huo na kuiacha jumla.

Kwa nini albumini hushuka? Swali hili lina majibu kadhaa ambayo mara nyingi huchanganywa, na kuyachanganya huleta matibabu yasiyofaa. Jibu la kwanza ni uamuzi wa ini lenyewe. Seli za kinga zinapogundua uvamizi hutoa vijumbe vya kikemikali, mashuhuri kati yao ikiwa interleukini 6, ambavyo huliamuru ini lipunguze utengenezaji wa albumini na kuelekeza nguvu na malighafi kwenye protini za kujihami. Hali hii ya mwili kuwaka dhidi ya maambukizi huitwa mchochota, na albumini ni miongoni mwa vitu vinavyotolewa kafara ndani yake. Jibu la pili ni kuvuja: mchochota mkali hulegeza kuta za mishipa midogo, na albumini, ambayo ni ndogo kuliko kingamwili nyingi, hutangulia kupenya kwenda katika tishu.

Majibu haya mawili yanaweza kutofautishwa kwa hesabu rahisi ya muda. Nusu ya albumini ya mbwa huondoka kwa kawaida katika siku zipatazo nane. Maana yake ni kwamba hata ini likigoma kabisa kutengeneza albumini mpya, ingehitajika zaidi ya wiki moja ili kiwango kifike nusu. Mbwa aliyekuwa mzima juzi na leo amepungukiwa theluthi ya albumini yake hawezi kuwa amefika hapo kwa sababu ya ini kupunguza kazi tu. Albumini hiyo imetoka kwenda mahali fulani, aidha kwenye tishu kupitia mishipa inayovuja, au kwenye mkojo, au pamoja na damu inayopotea. Katika maambukizi makali ya Babesia rossi ndivyo inavyokuwa, na daktari anayeliona hilo hupima kwa uangalifu kiasi cha maji anachomwongezea mbwa mshipani, kwa kuwa maji hayo nayo yanaweza kufuata njia ileile ya albumini na kuishia kwenye mapafu.

Figo zina sehemu yake, hasa katika ehrlichia. Kingamwili zinaposhikamana na vipande vya bakteria, mafungu yanayotokea huzunguka katika damu na kunasa kwenye vichujio vya figo, ambavyo huharibika na kuanza kuipitisha albumini ambayo kwa kawaida haviiachii. Njia ya kulithibitisha hili si kuendelea kupima damu bali kupima mkojo: uwiano wa protini kwa kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) katika mkojo wa mbwa ukizidi 0.5, na mkojo wenyewe ukiwa hauna damu wala usaha, figo zinapaswa kushukiwa. Kipimo hiki hurukwa mara nyingi, pengine kwa sababu kumpata mbwa mkali akojoe kwenye kikopo ni kazi isiyo na heshima, lakini kukiruka ni kuliacha swali nusu.

Iko na sababu nyingine, ya kimyakimya, ambayo hujitokeza kwa mbwa aliyeugua muda mrefu. Globulini zinapoongezeka sana, nazo huongeza nguvu ya kuyashika maji ndani ya mishipa. Ini huihisi nguvu hiyo na kupunguza albumini ili isipite kiasi. Hapa albumini kuwa chini ni marekebisho ya mwili, na ndiyo sababu mbwa wa aina hii huweza kuwa na albumini ya chini pasipo miguu wala tumbo kuvimba maji: globulini zimeishika nafasi yake.

Tukija upande wa protini zinazopanda, inafaa kuzigawa kwa saa yake. Za kwanza kufika ni protini za awamu ya ghafla, na kwa mbwa kiongozi wao ni protini tendaji ya C, ambayo fomu za maabara huiandika CRP. Iligunduliwa kwa wagonjwa wa nimonia mwaka 1930 na Tillett na Francis, waliokuwa katika taasisi ya Rockefeller jijini New York, na jina lake limetokana na sukari C ya bakteria ambayo ilishikamana nayo. Kwa mbwa mzima kiwango chake kwa kawaida ni chini ya miligramu 10 kwa lita. Maambukizi yakianza hupanda ndani ya saa chache, na katika babesia kali si ajabu kuikuta imepita 100. Lakini tazama vipimo vya uzito: miligramu 100 ni sehemu ya kumi ya gramu. Protini hii inaweza kuongezeka mara ishirini na bado isiisogeze jumla ya protini hata kwa gramu moja. Badiliko lililo jepesi kuliko yote kuonyesha ugonjwa ndilo lisiloonekana kabisa kwenye jumla.

CRP ina ukomo wake pia. Katika kituo cha Onderstepoort nchini Afrika Kusini, chenye kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Pretoria, ambako babesia ya mbwa ni ugonjwa wa kila siku, ilipimwa kwa mbwa wenye Babesia rossi ikaonekana kuwa juu sana, ila haikuwatenganisha waliokufa na waliopona. Ilieleza kwamba moto unawaka, bila kueleza nyumba ipi itaungua. Kwa swali la nani yuko hatarini, sukari ya damu iliyoshuka na asidi ya laktiki iliyopanda husema zaidi ya protini yoyote.

Haptoglobini ni protini nyingine ya kundi hili, nayo ndiyo ninayoiona ya kuvutia kuliko zote kwa sababu babesia huivuta pande mbili kwa wakati mmoja. Kazi yake ni kuikamata himoglobini iliyomwagika kwenye damu na kuipeleka iondolewe. Mchochota huliamuru ini liitengeneze kwa wingi, na kwa mbwa mwenye maambukizi ya kawaida hupanda katika siku chache. Lakini chembe nyekundu zinapopasuka ndani ya mishipa, kila haptoglobini inayotengenezwa hushikamana na himoglobini na kutoweka pamoja nayo. Hivyo mbwa mwenye homa kali na haptoglobini ya chini, au hata ya kawaida, anatoa habari: mahali ambapo ingepaswa kuwa juu haipo, kwa kuwa inatumika kwa kasi kuliko inavyotengenezwa. Msomaji wa matokeo anatakiwa pia kuuliza kama mbwa amepewa dawa za jamii ya steroidi kama prednisoloni, kwa sababu kwa mbwa dawa hizo peke yake hupandisha haptoglobini, na hufanya hivyo bila ugonjwa wowote.

Protini zote hizi zinaweza kutazamwa kwa pamoja katika picha moja inayotokana na elektroforesi, njia aliyoiboresha Arne Tiselius huko Uppsala, Uswidi, katika miaka ya 1930, na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1948. Seramu huwekwa kwenye utando au jeli yenye umajimaji wa alkali, kisha umeme hupitishwa. Katika hali hiyo protini nyingi huwa na chaji hasi na hukimbilia upande chanya, kila moja kwa kasi yake. Albumini hukimbia mbali kuliko zote. Nyuma yake hufuata globulini za alfa, za beta, na mwisho za gama, ambako ndiko ziliko kingamwili nyingi. Zikipakwa rangi na kusomwa na mashine, hutoa mchoro wa vilima: mlima mmoja mrefu mwembamba wa albumini, kisha vilima vifupi vinavyofuatana.

Mchoro wa mbwa mwenye babesia ya siku mbili au tatu huwa na mlima wa albumini uliofupika na kilima cha alfa ya pili kilichoinuka, huku eneo la gama likiwa bado tulivu, kwa kuwa kingamwili huhitaji muda wa kutengenezwa. Plazma au seramu iliyojaa himoglobini huongeza kilima cha uongo katika eneo la beta, na asiyejua rangi ya sampuli iliyopimwa anaweza kukipa maana isiyokuwapo. Mchoro wa mbwa mwenye ehrlichia ya miezi kadhaa ni mwingine kabisa: albumini imeporomoka, na upande wa gama umeinuka kilima kipana chenye mgongo wa mviringo, wakati mwingine kirefu kuliko albumini yenyewe.

Upana wa kilima hicho ndio wenye kusema. Kingamwili za kawaida hutoka kwa koo nyingi za seli, kila ukoo na kingamwili yake yenye tofauti ndogo, na zote zikijumlishwa hutoa mteremko mpana. Saratani ya seli za plazma hutoka kwa ukoo mmoja unaomwaga kingamwili ya aina moja, na mchoro wake ni mnara mwembamba kama mnara wa msikiti. Kwa kawaida basi, kilima humaanisha maambukizi na mnara humaanisha saratani. Ehrlichia canis ni mojawapo ya magonjwa machache yanayoivunja kanuni hiyo, kwa kuwa mara chache hutoa mnara, na mbwa ambaye angepona kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, anaweza kuhukumiwa kuwa na saratani ya uboho. Mahali penye kupe, hukumu ya namna hiyo haipaswi kutolewa kabla ya kupima ehrlichia.

Mtu angetarajia kwamba kingamwili hizi nyingi ni jeshi linalopigana na Ehrlichia. Vipimo havikubaliani na matarajio hayo: kiwango cha globulini za gama hakiendi sambamba na kiwango cha kingamwili mahususi dhidi ya bakteria huyo. Sehemu kubwa ya kinachotengenezwa ni kingamwili zisizo na shabaha, na baadhi huwageukia mbwa wenyewe kwa kushambulia chembe sahani zinazozuia damu kutoka. Mbwa hana upungufu wa kinga. Ana kinga inayofyatua ovyo. Tena, katika hatua ya mwisho ya ugonjwa, uboho unapoishiwa nguvu na aina zote za chembe za damu kupungua kwa pamoja, globulini huwa chini kuliko kwa mbwa wenye ehrlichia ambao uboho wao bado unafanya kazi. Kwa hiyo globulini zikishuka huku chembe nyeupe na chembe sahani nazo zikishuka, hiyo si dalili ya nafuu. Namba ileile inayoshuka ina maana mbili zinazopingana, na hesabu kamili ya chembe za damu ndiyo inayoamua ni ipi.

Globulini zikipita kiasi huifanya damu kuwa nzito. Inapita kwa shida katika mishipa midogo, na jicho ndilo linalolalamika mapema: mishipa ya nyuma ya jicho huvimba, hupasuka, na mbwa hupoteza uwezo wa kuona ghafla. Damu hiyo nzito huonekana pia kwenye kioo cha hadubini. Mtaalamu anapotandaza tone ili kutafuta babesia, huona chembe nyekundu zimepangana moja juu ya nyingine kama sarafu zilizorundikwa na muuza duka. Chembe nyekundu kwa asili husukumana kwa sababu zote zina chaji hasi. Globulini na fibrinojeni zinapokuwa nyingi huidhoofisha chaji hiyo na kuziruhusu zikaribiane. Jambo hili lisichanganywe na kuganda kwa chembe kunakosababishwa na kingamwili zinazozishambulia, hali ambayo babesia huweza kuileta pia. Kuzitofautisha ni rahisi: tone la damu huchanganywa na matone kadhaa ya maji ya chumvi ya hospitali. Safu za sarafu hutawanyika, mabonge ya kingamwili hubaki. Ni kipimo cha dakika moja kisichohitaji umeme zaidi ya taa ya hadubini.

Turudi sasa kwenye kifaa. Refraktometa haipimi protini. Hupima namna mwanga unavyopinda ukipita katika umajimaji, na kutoka hapo hukisia protini kwa kudhani kwamba vitu vingine vyote viko katika viwango vya kawaida. Himoglobini iliyomwagika, mafuta baada ya mlo, na vitu vingine vilivyoyeyuka huvuruga dhana hiyo, na plazma yenye rangi ya rozela ndiyo hasa sampuli ambayo babesia hutuletea. Rangi ya kijani ya bromokresoli, inayotumiwa na mashine nyingi kupima albumini, nayo hushikamana kidogo na globulini za awamu ya ghafla, na hivyo huweza kuonyesha albumini iliyo juu kuliko ilivyo kwa mbwa yule ambaye tunahitaji kuijua kwa usahihi zaidi. Fibrinojeni, kwa upande wake, hujitokeza kati ya beta na gama ikiwa plazma imetumwa badala ya seramu, na wembamba wa kilele chake umewahi kufanana na ule mnara wa saratani. Elektroforesi hufanywa kwa seramu kwa sababu hiyo.

Upungufu wa maji mwilini ni mtego mwingine, kwa kuwa mbwa anayetapika na asiyekunywa hupoteza maji na kuacha protini, na kila kitu huonekana kuwa kingi. Kinga dhidi ya mtego huu ni kuisoma protini pamoja na asilimia ya chembe nyekundu zilizoshindiliwa chini ya mrija. Vyote viwili vikiwa juu, maji yamepungua. Chembe zikiwa chini na protini ikiwa ya kawaida au juu, chembe zinaharibiwa ndani ya mwili huku protini zikibaki. Vyote viwili vikiwa chini, tafuta damu inayovuja. Na kuna mpangilio wa nne, ambao Afrika Kusini wanaufahamu vizuri katika sura kali ya Babesia rossi: chembe nyekundu ziko juu isivyotarajiwa kwa ugonjwa unaozila, wakati protini haijapanda pamoja nazo. Hapo maji yametoroka mishipani yakiwa yamefuatana na albumini, na mbwa huyu asiyeonekana kupungukiwa damu ndiye aliye karibu zaidi na kifo.

Hakuna lolote kati ya haya linalomtaja mhusika kwa jina. Albumini ya chini na globulini za juu huletwa pia na malale ya mbwa yanayoenezwa na mbung'o, na leshmania katika nchi za Mediterania, na vidonda vya ngozi vya muda mrefu, na baadhi ya saratani. Mbwa aliyekulia mtaani akiwa na kupe na minyoo tangu utoto huwa na globulini za juu hata akiwa mzima kiasi cha kukimbiza pikipiki, ilhali mbwa wa mbio aina ya greyhound huzaliwa na globulini za chini kuliko mbwa wengine, na viwango vilivyochapishwa pembeni mwa fomu mara nyingi havikutengenezwa kwa ajili ya yeyote kati yao. Jina la ugonjwa hutoka kwenye kioo cha damu, ikiwezekana damu ya ncha ya sikio ambako chembe zenye babesia hukusanyika, au kwenye kipimo cha vinasaba. Protini hueleza ugonjwa umefika wapi na mwili umeupokeaje.

Kwa ajili hiyo faida yake kubwa huja baada ya matibabu kuanza, mradi kila protini ipewe muda wake. CRP ya mbwa aliyepewa dawa sahihi ya babesia hushuka ndani ya siku chache. Ikibaki juu, au dawa haikufanya kazi, au kuna ugonjwa wa pili, na huo wa pili huweza kuwa ehrlichia. Albumini huhitaji wiki kadhaa. Globulini za mbwa wa ehrlichia aliyemaliza siku 28 za doksisaiklini hushuka polepole kwa miezi, mara nyingi kati ya sita na kumi na miwili, na kumrudishia dozi mpya kwa sababu tu zimebaki juu baada ya mwezi mmoja ni kuitibu karatasi. Anayetuma sampuli ya ufuatiliaji ataisaidia maabara kwa kuandika kwenye fomu mambo manne ambayo huachwa wazi karibu kila mara: tarehe dalili zilipoanza, tarehe na jina la dawa iliyotolewa, kama mbwa amepewa steroidi au maji ya mshipani, na rangi ya plazma ilivyoonekana siku damu ilipotolewa.